Redio Iliyofungiwa Kabatini

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta tochi, maana umeme ulikatika kama kawaida yake, nikaipata moja chini ya sanduku la nguo. Kuifungua, betri zilikuwa zimeoza zamani. Zimevimba, zimetoa maji ya kahawia yanayonata na ule unga mweupe, na harufu ikanipanda puani: kutu, siki, na kitu kingine nisichokijulia jina. Mjukuu wangu akaziba pua. "Bibi, tupa huo uchafu." Sikutupa. Nilikaa kitandani nayo mkononi mpaka umeme ukarudi, na yeye akaenda kumwambia mama yake kwamba Bibi leo haongei.

Nilikuwa naongea sana, ila kwa ndani. Harufu ile ndiyo iliyotoka siku baba yangu alipofungua kabati la shule.

Nyinyi wa rika langu mnakijua kijiji chetu hata kama hamjawahi kufika. Nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi gwarideni, balozi kila nyumba kumi, shamba la pamoja, ghala, na shule ya madarasa mawili ambayo alasiri iligeuka kuwa ya wazazi. Ukishuka kituo cha Igalula unaingia msituni kwa miguu, na ukifika huna nguvu hata ya kusalimia. Tulihamishiwa huko kutoka Tabora mjini, kutoka Ipuli kwa Bibi mzaa mama, kwenye bomba la maji na adhana na mandazi ya asubuhi. Mama hakupapenda hata siku moja. "Hapa hata jogoo anawika kwa woga," alikuwa akisema. Lakini mume akihamishwa mke anafunga mizigo, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Baba yangu, Mwalimu Athumani, baada ya Mwenyezi Mungu aliamini herufi. Asubuhi alifundisha watoto, alasiri alifundisha baba zao na mama zao kisomo, watu wenye mikono migumu ya jembe ambao chaki ilikuwa inawavunjikia vidoleni. Aliwapenda kwa ukali. Mtu akiandika jina lake kwa mara ya kwanza, baba alikuwa anasimama kando na kujifanya anafuta ubao uliokwisha kufutwa.

Kisha bwana mmoja wa wilaya akaleta redio. Ilikuwa kubwa, ya mbao, ina kitambaa mbele na mkanda wa ngozi wa kubebea, na ilitolewa kwa kijiji kizima ili watu wakae pamoja wasikilize masomo ya afya na kilimo. Baba aliipokea kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kabati lenye kufuli. Wiki ya kwanza watu walijaa darasani mpaka madirishani. Wiki ya pili Mzee Kulwa, mwanafunzi wake wa siku nyingi, akasema mbele ya wote, "Mwalimu, sasa serikali imetuletea wa kutusomea. Sisi a, e, i, o, u tunaisumbukia nini tena?"

Darasa zima likacheka. Baba hakucheka. Aliichukua ile redio, akaiweka kabatini juu ya vitabu vya hesabu, akafunga, na ufunguo akautia mfuko wa shati. "Itatoka siku mtakayofaulu mtihani," akasema. "Neno lililoandikwa linakungoja. Ukilisahau unalirudia. La redio likishapita limepita, linakuacha na mdomo wazi. Huko si kusoma, huko ni kusomewa."

Mama Shija, jirani yetu na mkubwa wa kikundi cha kina mama, alimfuata mpaka nyumbani. "Mwalimu, redio ni ya kijiji."

"Na kabati ni la shule, Mama Shija."

Wanakijiji walinuna. Mama alinuna pia, kwani taarabu ya jioni ndiyo iliyokuwa inamrudisha Ipuli kidogo. Aliyefurahi nilikuwa mimi peke yangu, na sikumwambia mtu kwa nini.

Mnakumbuka matangazo ya vifo. Mnakumbuka muziki ule wa kuburuta miguu, na jinsi watu wazima walivyoacha kila kitu, mwiko ukabaki ndani ya sufuria, na mtoto ukithubutu kukohoa unakatwa jicho. Kwa Bibi pale Ipuli tulikuwa na jirani, Mzee Salum fundi mabati, mgonjwa wa siku nyingi. Asubuhi moja nilimpelekea uji akanywa na akanitania kwamba nimepika mimi ndiyo maana una mabonge. Jioni, muziki ule ukapigwa, sauti ikataja jina lake kwa utulivu, na nyumba ya pili wanawake wakapiga ukunga. Kichwa changu cha utoto kikapanga mambo hivi: alikuwa hai, akatajwa, akafa. Mle ndani ya redio kuna mtu anayechagua. Anataja majina, na anayetajwa hana ujanja. Tangu hapo kila muziki ule ulipoanza nilikuwa nabana pumzi nisije nikamkumbusha jina la mtu wetu. Kwa hiyo baba alipomfungia mtu huyo kabatini, nililala usingizi wa raha.

Halafu Bibi akaugua. Mama alifunga kanga zake mbili na unga wa mtama, akaniambia, "Nakwenda kumuuguza Bibi, Ijumaa nitakuwa hapa, usimsumbue baba yako," akaenda kupanda gari moshi. Kabla ya Ijumaa hiyo kufika kipindupindu kikaingia.

Kilianzia nyumba za mwisho za mstari. Walikufa watu, sitawahesabu hapa. Amri ikaja kwamba asitoke mtu wala asiingie, na barabarani likalazwa gogo, mgambo wakalilinda. Kila kaya ibaki uani kwake, maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa dawa, mkusanyiko marufuku. Wenzangu walifungiwa majumbani na ndugu zao, wakalala, wakagombana, wakacheza bao vumbini. Mimi nilifungiwa na mwalimu. Mnaweza kucheka, lakini jaribuni nyinyi. Kutwa nzima chini ya bati linalochoma, mimi na baba na kipande cha ubao, imla asubuhi, imla jioni. Kila kitu kilinuka dawa, hata ugali. Tulipoishiwa unga tulitafuna matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa vikakaushwa, navyo vilinuka dawa. Mara kwa mara filimbi ya gari moshi ilisikika mbali upande wa Igalula, na baba alikuwa anasimamisha chaki hewani mpaka iishe.

Alikuwa anamwandikia mama kila jioni. Barua haikuwa na wa kuipeleka, na za mama, kama zilikuwepo, hazikuwa na wa kuzileta. Zikakaa mezani zimekunjwa vizuri. "Zinangoja," alikuwa akisema nikizitazama. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli. Nilimtaka mama, yeye ananipa karatasi.

Siku moja Mama Shija alisimama nje ya mstari wa mawe uliozunguka ua wetu. "Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, Mama Shija. Mko salama?"

"Waliobaki tuko salama. Mwalimu, tufungulie ile redio. Tumefungwa kama kuku wa kuuzwa. Hatujui dunia inasemaje, hatujui huko Tabora nani mzima nani hayupo. Iweke dirishani tu, kila mtu atasikia akiwa kwake."

Baba alitazama chini. Nilijua anafikiri, maana alikuwa anaugusa mfuko wa shati. Nikaingiwa na hofu nikamshika mkono. "Baba, usiifungue. Nakuomba. Tusome tu."

Aliniangalia kama nimempa zawadi. "Umesikia, Mama Shija? Mtoto mdogo huyu anajua." Akanipapasa kichwa, na jioni ile akaniongezea imla kwa furaha.  Mama Shija alinitazama mimi, mama yule aliyenijua tangu siku tuliyohamia, na nadhani aliona kwamba pale hapakuwa na mapenzi ya vitabu hata kidogo.

Aliyetufungulia kabati ni mtu wa reli. Alikuja kwa baiskeli mpaka karibu na gogo kuleta dawa, akaiacha chini, akapaza sauti kwa mgambo wa zamu, kijana anaitwa Jumanne. Jumanne akaja mbio hadi mstari wa mawe. "Shikamoo, Mwalimu. Umetajwa redioni."

"Marahaba. Nimetajwa na nani?"

"Hakusikia vizuri, Mwalimu. Ni jana, kwenye yale matangazo... yale ya jioni. Alisikia jina lako na Igalula. Mengine yalimpita."

Baba alisimama akakaa. Akasimama tena. "Yalimpita," akasema. Nilijua anayemwaza ni nani, kwa kuwa hata mimi nilimuwaza huyo huyo. Tulikuwa na watu wawili tu huko Tabora, mmoja mgonjwa na mmoja muuguzi wake, na kipindupindu hakichagui kati ya mgonjwa na muuguzi.

Nilimshika shati nikilia asiende. Alinibeba tukavuka uwanja hadi shuleni. Kufuli likamkataa, na mlango ulipofunguka ndipo ikatoka harufu hiyo. Betri zilikuwa zimeozea tumboni mwa redio kwa kukaa bure. Maji yake yalikuwa yamechuruzika mpaka kwenye vitabu vya hesabu. Baba alikigeuza kitufe cha kuwashia, pap, kimya. Akazichomoa betri moja moja, vidole vimechafuka.

Akatoka akasimama mlangoni mwa darasa. Sijawahi kumsikia baba akiomba kitu kwa mtu, na sikumsikia tena baada ya siku ile. "Jamani," akaita ule mstari wa nyumba, "mwenye betri ya tochi, naomba aniazime. Nimetajwa, na sijui nimeambiwa nini."

Angeweza kujibiwa maneno, na yangekuwa halali yake. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wake ulikuwa umeshaota. Lakini watu walizifungua tochi zao. Mmoja baada ya mwingine walikuja kuweka betri juu ya jiwe la mpakani mwa uwanja wa shule na kurudi nyuma, na baba akazipangusa kwa dawa na kuzifuta kwa shati lake jeupe. Mzee Kulwa alileta ya mwisho. "Matangazo hurudiwa, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Usijali. Leo watarudia."

Jioni redio ikawa dirishani imeelekea kijijini. Kila mtu alikaa kizingitini kwake, mstari mzima, hata watoto kimya. Baba aliketi na penseli na karatasi juu ya goti. Muziki ule ukaanza. Nilijipachika chini ya dawati, nikasikia majina ya watu nisiowajua yakipita, na kwa kila jina nilishukuru Mungu, Mungu anisamehe. Kisha sauti ile ile tulivu ikasema: "Bi Tatu Khamisi wa Ipuli, Tabora..."

Hilo ni jina la mama yangu. Sikusikia lingine. Niliziba masikio nikapiga kelele mpaka koo likakauka, na nilipofumbua macho redio ilikuwa imezimwa, Mama Shija analia kizingitini kwake, na baba anaandika, machozi yanadondokea karatasi. Ni nini tena nilichotaka kuambiwa?

"Mama yako ni mzima," baba akasema. "Sikiliza, ni mzima. Aliyefariki ni Bibi."

"Ametajwa mama."

"Ametajwa, lakini..."

"Ametajwa. Nimesikia. Mzee Salum alikunywa uji asubuhi, wakamtaja, akafa."

Hapo ndipo baba alipoelewa. Alinitazama, akalitazama kabati, akaitazama redio, na mimi nikaona uso wa mtu mzima ukipata aibu. "Kwa hiyo ile siku," akasema taratibu, "ulikuwa unaogopa." Nikatikisa kichwa kukubali. Akavuta pumzi. "Na mimi nikakusifu."

Hakunibembeleza. Hakujua kubembeleza, hiyo ilikuwa kazi ya mama. Alichukua chaki, akaliandika lile tangazo zima ubaoni kama alivyolidaka: Bi Tatu Khamisi wa Ipuli, Tabora, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Bi Mwajuma Feruzi, kilichotokea nyumbani kwake. Habari ziwafikie mumewe, Mwalimu Athumani wa Igalula, na binti yao, na kaka yake aliyeko Kigoma, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Mazishi yamekwisha kufanyika.

"Humu kuna anayesema," akaniambia, "kuna aliyekufa, na kuna wanaoambiwa. Wote wametajwa. Usipojua kuwatenganisha utawazika wote. Nionyeshe mama yako."

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Anafanya nini hapo?"

"Anasikitika."

"Maiti anasikitika?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Nilijibu hivyo kwa sababu nilikuwa mtoto wa mwalimu na nililijua jibu linalotakiwa. Kusadiki ni jambo jingine. Usiku nilijifunika gubigubi nikamlilia mama yangu kama watoto wanavyolilia mama zao waliokufa, na nililia hivyo kila usiku, na mchana nikafundishwa.

Maana baba aliendelea. Redio haikurudi kabatini. Kila jioni iliwekwa dirishani, na ikizimwa baba alikuwa anasimama mlangoni mwa darasa na kuuliza kwa sauti ya kufika nyumba ya mwisho: "Leo nani amesema? Alikuwa anamwambia nani? Kitu gani hakukisema?" Na wao wakajibu kutoka vizingitini, wakabishana, wakasahihishana kutoka ua hadi ua. Mzee Kulwa akasema siku moja kwamba yule bwana wa mbolea ametaja mbolea sana na mvua hakuitaja hata mara moja. Baba akaangua kicheko, cha kwanza tangu gogo lilipolazwa. "Huko ndiko kusoma, Mzee Kulwa," akamjibu. Nilimwona akiandika kwenye andalio lake la somo la kesho, chini ya kusoma na kuandika na kuhesabu, neno kusikiliza. Alilipigia mstari. Lakini tangazo lile la kwanza, lile lililosomwa redio ikiwa imefungwa, alilibeba mpaka uzeeni. Mama alitangaza kifo cha mama yake akakaa anangoja mume, na mume alikuwa anatoa imla.

Gogo lilikuwa bado barabarani siku Jumanne alipokuja kutuita. Baba alinishika mkono tukaenda, kinyume cha amri, na hakuna aliyetuzuia. Ng'ambo ya gogo alisimama mwanamke amejifunga kanga nyeusi, amekonda, miguu yote vumbi. Alikuwa ametembea kutoka Igalula akijua kwamba hataruhusiwa kuingia. Ndiye, na sura ni yake. Mimi nikajificha nyuma ya baba. Nilikuwa nimeshamlilia mimi, nimeshamaliza, sasa huyu ni nani?

"Mwanangu," akasema. "Huji hata kunipungia?"

Baba akanisukuma mbele kidogo. "Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza, "Nani amekufa?"

Akashtuka. Alimtazama baba, akanitazama mimi. "Bibi yako, mwanangu. Bibi yako ametutoka."

Nikacheka. Nilimpenda Bibi, mandazi yake yalikuwa bado kwenye ulimi wangu, na mbele ya mama yangu aliyefiwa na mama yake nilicheka kwa nguvu, nikaruka, nikapiga makofi, siwezi kujizuia.

"Anacheka nini huyu?" mama akauliza.

"Alidhani ni wewe," baba akasema. "Alilisikia jina lako tu."

"Na wewe? Nilikutangaza. Nilikungoja, Athumani. Watu wakaniuliza mumeo yuko wapi, nikasema anakuja."

"Redio ilikuwa kabatini," baba akasema. "Niliifungia mimi."

 Mama alikaa chini pale pale vumbini, upande wake wa gogo, akaanza kulia kilio ambacho msibani hakukilia, kwa kuwa msibani hakuwa na wa kumshika. Baba aliita jina lake. Mimi nikanyoosha mkono juu ya gogo nimfikie, na Jumanne, kwa upole kabisa, akaurudisha.